Mzee Mwanzo na Dakika Tatu za Kwanza

Ndugu, jamaa, majirani na ninyi mliofanya kazi naye, ahsanteni kwa kufika. Nimepewa jukumu la kusoma wasifu huu kwa sababu mimi ni mpwa wake, binti wa dada yake wa pekee, na kwa sababu marehemu hakuacha mtoto wa kuusoma. Yeye mwenyewe angeanza kwa kuangalia ukurasa wa mbele wa ratiba mliyoishika. Angeuliza ni nani aliyechagua herufi hizi zenye mikia, na kwa nini picha yake imezungushiwa maua kama kadi ya harusi. Halafu angesema, "Hii inaanza kama filamu ya mapenzi. Watu watachanganyikiwa." Herufi nilizichagua mimi, kwa haraka, na ninaomba radhi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la reli. Baba yake alikuwa mpaka rangi aliyeandika mabango ya maduka, na mama yake alifua mashuka ya hoteli. Dada yake, ambaye ni mama yangu, alimfuata baada ya miaka saba, kwa hiyo miaka yote hiyo saba alicheza peke yake kati ya mikebe ya rangi. Inasimuliwa kwamba kabla hajajua kusoma alikuwa akisomewa na herufi zenyewe. Ukimwonyesha bango hakukuambia limeandikwa nini. Alikuambia, "Huyu ana haraka," au, "Huyu anadanganya." Siku moja babu yangu alifuta bango zima la kinyozi na kuliandika upya, baada ya mtoto wa miaka mitano kusema kwamba kinyozi yule anatisha. Kinyozi hakuambiwa sababu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1957 hadi 1963, kisha sekondari ya kutwa hadi mwaka 1967. Mwandiko wake ulisifiwa na walimu wote, hesabu tusiiguse. Ijumaa jioni shule ile ilionyesha filamu ukumbini kwa projekta mbovu, na mara nyingi mkanda ulikatika hata kabla hadithi haijashika kasi. Wenzake walirudi nyumbani wakinung'unika. Yeye alirudi ameridhika kabisa, akamkalisha dada yake jikoni na kumsimulia filamu nzima mpaka mwisho, kwa kuona majina ya waigizaji tu na kusikia muziki uliopigwa chini yake. Mama anasema mpaka leo kuna filamu anazoamini aliziona, kumbe alisimuliwa na mtu ambaye naye hakuziona. Baada ya sekondari marehemu alisomea upigaji chapa kwa mwaka mmoja, akafanya vibarua vya ofisini hapa na pale.

Tarehe 2 Septemba 1974 aliajiriwa kuwa karani daraja la tatu katika ofisi ya ukaguzi wa filamu, ghorofa ya pili. Alikaa hapo miaka thelathini na mmoja kasoro miezi miwili, mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2005. Chumba cha kuangalizia kilikuwa na viti kumi na viwili, pazia jeusi na feni iliyolia kila ilipozunguka. Kazi yake ilikuwa kunakili majina. Kila filamu ilipoletwa, mwendesha projekta alimwekea sehemu ya mwanzo peke yake, naye akaandika kwenye fomu jina la filamu, la mwongozaji, la waigizaji na la mtunzi wa muziki. Majina yalipita haraka, hivyo alilazimika kuomba yarudishwe mara tatu, hata nne. Akimaliza, taa ziliwashwa na yeye akatoka. Filamu yenyewe iliangaliwa mchana na wakaguzi watatu, wakubwa wa ofisi. Karani hakualikwa.

Fikirini basi. Mtu aliona mwanzo wa filamu zaidi ya elfu nne, kila mmoja mara tatu au nne, na kwa miaka mingi hakuonyeshwa mwisho hata mmoja. Ndiyo maana mapema tu wenzake walimpa jina la Mzee Mwanzo, naye hajafika hata miaka thelathini.

Kwenye fomu ile kulikuwa na kisanduku kilichoandikwa "aina ya filamu". Kilikuwa cha wakaguzi kujaza kwa wino. Marehemu alianza kukijaza yeye kwa penseli, kidogo sana, pembeni, kabla wakaguzi hawajaingia. Mwendesha projekta, ambaye yuko hapa na ameniruhusu nimtaje, alikuwa akilinganisha penseli na wino kila jioni. Kati ya filamu kumi, marehemu alipatia nane. Alipoulizwa anajuaje, hakuwa na siri. Alisema wanaoogopa damu nyekundu kwenye maandishi wanaogopa kelele tu; woga wa kweli huja na herufi nyeupe, ndogo, zisizotikisika. Alisema jina linaloingia mbio kutoka pembeni na kukaribia kuanguka limekuja kuchekesha. Alisema filamu inayompenda mtu wake haiandiki jina juu ya uso wake, inasubiri ageuke. Na alisema muziki usiaminiwe mpaka usikilize kama unaenda pamoja na majina au unayafukuza.

Mwaka 1983 ililetwa filamu iliyoanza na bembea, jua na wimbo wa watoto. Penseli iliandika "ya kutisha". Wakaguzi walicheka sana. Wakaiangalia nusu, wakaenda kunywa chai, wakarudi na wino wao: "ya watoto". Filamu ikapelekwa kwenye kumbi, na wiki hiyohiyo wazazi wakajaa ngazi za ofisi na watoto wasiotaka kulala bila taa. Mkuu wa ofisi aliitisha fomu akaiona penseli.

"Nani kaandika hapa?"

"Mimi, mzee."

"Umejuaje?"

"Wimbo umepunguzwa mwendo kidogo, mzee. Na majina yanatokea kila mara mahali ambapo watoto hawaangalii. Kuna mtu anawaangalia wao."

Tangu siku hiyo alipewa kiti cha kumi na mbili, kile chini ya feni, na ruhusa ya kuangalia chochote mpaka mwisho. Hakujigamba. Ila mwendesha projekta anasema siku ile alinoa penseli mpya kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1979 na fundi cherehani aliyeitwa kushona mapazia mapya ya chumba kile cheusi. Mkaza mjomba wangu alikuwa juu ya ngazi akipima dirisha, marehemu akiwa chini anaomba majina yarudishwe kwa mara ya nne. Fundi akasema kutoka juu, "Kaka, huwezi kuacha iendelee na sisi tuone?" Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya kwanza kati yao, na kwa kweli ndiyo waliyogombania maisha yao yote. Hawakujaliwa mtoto. Walijaliwa viti viwili vya mbao vyenye mito ya kijani aliyoishona mkewe, na kila Jumamosi jioni walikaa mbele ya televisheni na mkanda wa kuazima. Jina la mwisho lilipotoweka, marehemu aliinama akamnong'oneza mkewe aina ya filamu na jinsi itakavyokwisha. Mkewe aliendelea kutazama. Mwisho kabisa mumewe aliuliza, "Nimepatia?" Mkewe alikuwa hakimu mgumu. Jibu lake la kawaida lilikuwa, "Nusu."

Mkewe alifariki tarehe 3 Novemba 1998, baada ya kuugua miezi mitano. Marehemu hakuoa tena, na kiti cha pili hakukiondoa. Ilikuwa wakati huo, mimi nikiwa chuoni na nikimtembelea mwisho wa mwezi, nilipogundua jambo. Alikuwa anaweka filamu, anakaa wima, anaangalia majina mpaka la mwisho, halafu anainuka na kuzima. Anaweka nyingine, anazima. Nilimuuliza kwa nini asimalizie hata moja.

"Mwanzo naumudu peke yangu," alisema. "Mwisho unataka mtu wa kuuliza."

Basi nikajitolea kuwa mtu huyo. Hapo, ndugu zangu, mama yangu amenishauri niruke niende moja kwa moja kwenye ugonjwa. Aliisoma rasimu jana akaniambia, "Mwanangu, huu ni wasifu wa kaka yangu au kesi yako?" Nilimjibu kwamba ni vyote viwili.

Mwaka 2011 nilihamia mji mwingine kufanya kazi ya ufamasia, na tukawekeana utaratibu. Marehemu aliangalia mwanzo wa filamu Jumamosi. Jumapili saa kumi alasiri alinipigia simu, akanitajia filamu, akanieleza herufi zake, rangi zake na sauti yake, kisha akatoa hukumu. Kazi yangu ilikuwa kuitafuta filamu hiyo ndani ya wiki, kuiangalia yote, na Jumapili iliyofuata kujibu swali moja: "Mpwa wangu, nilipatia?" Miaka miwili ya kwanza niliangalia kweli. Nilibishana naye, nikampa nusu, mara moja nikampa sifuri akanuna mpaka Jumatano.

Halafu duka la dawa likawa langu. Nikazaa mtoto wa kwanza, nikazaa wa pili. Nikaanza kusoma muhtasari wa filamu kwenye simu badala ya kuiangalia. Baadaye nikaacha hata muhtasari. Saa kumi ilipofika nilikuwa na simu begani na mtoto mkononi, na nilisema, "Umepatia, Mjomba." Sauti yake ilichangamka, na mimi nikajiambia kwamba nimefanya jema. Nilisema hivyo Jumapili baada ya Jumapili.

Mwezi Juni 2019 alinieleza mwanzo wa filamu moja yenye nyumba ya bluu, nguo za watoto kwenye kamba, na herufi nene za duara zinazodunda kama mpira. "Hii ya kuchekesha," alisema. "Uiangalie ucheke, umechoka sana siku hizi." Wiki iliyofuata nilimwambia, "Umepatia, Mjomba. Nimecheka mpaka machozi." Akaniomba nirudie. Nilidhani mtandao. Kisha akauliza watoto hawajambo.

Aliendelea kunipigia kila Jumapili, saa kumi kamili, kwa karibu miaka mitano mingine.

Afya ya marehemu ilianza kuyumba mwishoni mwa mwaka 2022, moyo ukiwa umechoka kusukuma. Alipanda ngazi za nyumba yake kwa vituo vitatu, kila kituo akijifanya anasoma tangazo ukutani. Jirani yake wa ghorofa ya chini, fundi viatu, alimpelekea maji na mkate, na ninamshukuru kwa kufanya kila siku yale ambayo mimi niliyafanya kwa simu tu. Tarehe 22 Februari 2024 alilazwa hospitali, wodi ya tatu, kitanda cha dirishani. Nilifika mara nne katika wiki kumi na moja. Nimezihesabu.

Mara ya tatu, mwezi Aprili, aliniambia nikae karibu. Aliuliza kwa upole, kama anayeuliza dawa zinauzwaje, "Ile ya nyumba ya bluu, ulicheka wapi hasa?"

Nilianza kunyoosha shuka lake.

"Nyumba inaungua," alisema. "Na watoto wamo. Niliiangalia na mke wangu mwaka 1991, yote. Alilia mpaka nikazima jiko, chakula kikabaki."

"Mjomba, ulikuwa unajua?"

"Nilianza kupatia kila wiki, mama. Hata nilipokuwa ofisini na macho yangu mazima sikuwahi kupatia kila wiki."

Nililia. Nilimuuliza kwa nini basi aliendelea kupiga simu miaka yote hiyo kwa mtu anayemdanganya. Aliniangalia bila hasira, na ningependelea hasira.

"Nisingepiga mimi," alisema, "ungepiga wewe?"

Alinipigapiga mkono, akaniambia nimletee maji.

Jumapili tarehe 5 Mei nilifika na tableti na filamu moja ambayo hakuna aliyekuwa ameiona kati yetu. Nilikuwa nimedhamiria tuiangalie pamoja mpaka mwisho, saa zozote ziwazo. Nilimwekea mto mgongoni. Filamu ilianza: nyumba kubwa imejaza karibu skrini nzima, na chini pembeni mtu mdogo mwenye koti, amesimama mlangoni anabisha hodi. Hapakuwa na muziki. Majina yalikuja upande wa ukuta, membamba, moja moja, na kila moja lilifutika kabisa kabla ya jingine kutokea. Mtu alibisha mara tatu. Jina la mwisho likaja, likaenda, na mlango bado umefungwa. Hapo marehemu alianza kukohoa, muuguzi akaja, akasema mgonjwa apumzike na mimi nirudi siku nyingine.

Kabla sijatoka alinishika mkono wa nguo.

"Umeona majina? Hayakukaa mawili pamoja hata mara moja. Filamu isiyoruhusu majina mawili kukaa pamoja, watu wawili watakaaje? Huyu mtu hatafunguliwa."

"Nitaiangalia, Mjomba. Alhamisi nakuja."

"Yote," alisema. "Halafu uniambie ukweli. Hata kama ni nusu."

Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 9 Mei 2024, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano. Muuguzi alikuwa anambadilishia shuka na anasema hakuhangaika. Mimi nilifika saa nne kamili. Na nitasema jambo hili mbele yenu kwa sababu yeye aliniomba ukweli: Alhamisi ile nilikuwa nakuja bila kuiangalia. Duka lilikuwa na ukaguzi, mtoto alikuwa na homa, sababu zipo. Jibu nililiandaa barabarani nikiwa naendesha gari. Nilikuwa nije nimwambie, "Umepatia, Mjomba."

Marehemu ameacha dada mmoja, mpwa mmoja, na wajukuu wawili ambao walimjua zaidi kwa sauti kuliko kwa sura. Ameacha mwendesha projekta waliyekaa naye gizani miaka ishirini na sita, na jirani fundi viatu. Ameacha fomu nyingi sana katika makabati ya ofisi fulani, ambazo ukizielekeza kwenye mwanga utaona penseli chini ya wino. Ameacha viti viwili vyenye mito ya kijani.

Juzi Jumamosi, saa tisa mchana, nilifungua nyumba yake kwa ufunguo wa jirani. Vumbi lilikuwa kwenye kiti kimoja tu; kile cha mkewe jirani alikuwa amekifuta, kama marehemu alivyomwomba. Nilikaa kwenye cha kwake. Nilizima simu, nikaweka ile filamu, na nikaiangalia yote, dakika mia moja na nane. Yule mtu mwenye koti anahangaika sana humo katikati, na mara nyingi nilidhani mjomba yuko sahihi. Karibu na mwisho anarudi kwenye mlango uleule. Anabisha mara tatu. Mlango unafunguliwa na mwanamke aliyejifunga aproni, anafuta mikono, na anachosema ni hiki tu: "Mbona umechelewa?" Kisha yanakuja majina ya mwisho, yale ambayo marehemu hakuwa na desturi ya kuyasubiri. Yanakuja mawili mawili.

Nilikaa pale mpaka skrini ilipokuwa nyeusi. Nilikuwa na jibu, na hapakuwa na wa kuniuliza. Sasa ninajua alivyokaa hapo peke yake.

Kwa hiyo jibu ninalileta hapa, kwa kuwa hapa ndipo alipo. Safari hii nimeiangalia yote, Mjomba. Hukupatia. Alifunguliwa.

Pumzika sasa, na iwe kwa amani.